Lewis Latimer: Mwana wa watoro aliyetia nguvu kiungo cha waya ndani ya balbu

MWENYE kutembea Miritini, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, hakosi kupita mbele ya kibanda cha fundi wa vifaa vya umeme. Juu ya meza huwa pasi, redio, feni, birika na chaja za simu, kila kimoja kikisubiri zamu yake. Ukimuuliza fundi ni ugonjwa upi anaoutibu mara nyingi zaidi, huenda asiitaje mashine yenyewe. Atakuonyesha shingo ya waya.

Shingo hiyo ni pale waya unapoingia ndani ya kifaa. Kila siku mkono huuvuta, huukunja na kuuzungusha, na shaba iliyo ndani hukatika uzi mmoja baada ya mwingine ilhali mpira wa nje ungali mzima. Mwenye pasi huona taa yake ikiwaka na kuzima, naye huutikisa waya hadi iwake tena. Akiendelea hivyo, nyuzi chache zilizosalia hubeba umeme wote, hupata moto, mpira huyeyuka na hatimaye cheche huruka. Nguo zilizo karibu zikishika, majirani huitana.

Ndiyo maana fundi stadi haungi waya na kuuacha hivyo hivyo. Huufunga fundo ndani ya kifaa, au huubana kwa kibanio, au huuvisha mpira laini shingoni ili mvuto wa mkono uishie hapo. Kanuni yake ni nyepesi kuitamka: kiungo ni cha kupitishia umeme, si cha kubebea mzigo.

Kanuni hiyo ina umri sawa na taa ya umeme. Miongoni mwa watu walioitolea jasho katika siku zile za mwanzo alikuwamo mtu mweusi ambaye wazazi wake walikuwa watumwa watoro, na ambaye hakupata kukanyaga chuo chochote cha uhandisi. Jina lake ni Lewis Howard Latimer.

Wazazi mbioni

Kisa chake chaanza miaka sita kabla ya yeye kuzaliwa. Mnamo Oktoba 1842, George Latimer na mkewe Rebecca walitoroka utumwani katika mji wa Norfolk, jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani. Rebecca alikuwa mja mzito. Walijificha ndani ya meli, na kwa kuwa George alikuwa na ngozi nyeupe kiasi, sehemu ya safari alijifanya bwana naye mkewe akajifanya mtumishi wake. Walifika Boston, Massachusetts, katika majimbo ya kaskazini ambako utumwa ulikuwa umekwisha kukomeshwa.

Hawakukaa kwa amani. Siku chache baadaye George alitambuliwa na mtu aliyemfahamu, na mnamo Oktoba 20 akatiwa korokoroni ili arudishwe kwa aliyedai kummiliki. Mji wa Boston ukachafuka. Watu weusi walikusanyika nje ya mahakama, na wapinzani wa utumwa, akiwemo William Lloyd Garrison na Frederick Douglass, walilivalia njuga suala hilo katika mikutano na magazeti. Mwishowe bwana wake alikubali kupokea dola 400, na mwezi Novemba George akatoka akiwa mtu huru.

Msukosuko huo haukuishia kwake. Zaidi ya watu 60,000 walitia saini ombi lililopelekwa kwa baraza la kutunga sheria la Massachusetts, na mnamo 1843 jimbo hilo likapitisha sheria iliyowakataza maafisa wake kusaidia kuwakamata watumwa watoro, wala magereza yake kutumiwa kuwafungia. Jina la Latimer lilijulikana kabla ya Lewis kuja duniani.

Msomaji wa Pwani hatakiona kisa hiki kuwa kigeni. Rabai, ambayo si mbali na Miritini, ilikuwa kimbilio la watoro waliowahepa mabwana zao katika karne hiyo hiyo. Mnamo Januari 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa aliwalipa mabwana fidia ili watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamehifadhiwa katika misheni, wengi wao wakiwa Rabai, wapewe vyeti vya uhuru. Boston na Rabai zilitenganishwa na bahari, lakini hesabu ilikuwa moja: binadamu akombolewe kwa fedha, na fedha hizo ziingie mfukoni mwa aliyemdhulumu.

Utoto uliokatizwa

Lewis alizaliwa Septemba 4, 1848, katika mji wa Chelsea jirani na Boston, akiwa kitinda mimba wa watoto wanne. Baba yake alifanya kazi ya kinyozi na ya kubandika karatasi za ukutani, naye mtoto akawa msaidizi wake. Shuleni alionekana mwepesi wa kusoma na mpenzi wa kuchora.

Mnamo 1857 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya Dred Scott, uliowanyima watu weusi haki ya kuhesabiwa raia na kuwatia hofu wote waliowahi kutoroka. Haukupita muda mrefu baba yake Lewis akaiacha familia na kutoweka. Mtoto alikuwa na umri wa takriban miaka 10. Masomo yakakatika, mama akabaki na mzigo wa kulea, nao watoto wakatawanyika kutafuta riziki.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto, Lewis alijiunga na jeshi la majini la serikali ya Muungano mnamo Septemba 1864, akiwa na umri wa miaka 16. Alitumikia katika meli ya kivita USS Massasoit, na Julai 1865, baada ya vita kwisha, akaachishwa kwa heshima.

Kalamu na rula

Aliporejea Boston kazi hazikuwepo kwa kijana mweusi asiye na cheti. Baada ya kuhangaika alipata kazi ya tarishi katika ofisi ya mawakili wa hataza iitwayo Crosby, Halsted and Gould, kwa mshahara wa dola 3 kwa wiki. Hataza ni haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Ili aipate, ni sharti awasilishe maelezo kamili pamoja na michoro inayoonyesha kila kipande cha kifaa chake na jinsi vipande hivyo vinavyoshikana.

Katika ofisi hiyo walikuwamo wachoraji waliofanya kazi hiyo, na tarishi yule aliwatazama kwa jicho la kuiba ufundi. Alinunua kitabu na vifaa vya kuchorea vilivyokwisha kutumika, akafanya mazoezi nyumbani usiku. Siku moja akaomba apewe nafasi ya kujaribu. Wakubwa walicheka kwanza, kisha wakamruhusu. Hawakucheka tena. Kufikia miaka ya mapema ya 1870 alikuwa mchoraji mkuu wa ofisi hiyo akilipwa dola 20 kwa wiki.

Kuchora kila siku uvumbuzi wa wengine kulimfundisha kuuliza maswali ya fundi. Kipande hiki kinashikwa na nini? Kikipata joto kitakwenda wapi? Kikivutwa kitakatikia wapi kwanza? Hayo ni maswali ambayo vyuo hufundisha kwa miaka mingi. Yeye aliyapata mezani.

Hataza yake ya kwanza ilitoka Februari 10, 1874, kwa ushirikiano na Charles Brown. Ilihusu choo cha mabehewa ya treni, kilichokusudiwa kuwaepusha abiria na vumbi na uchafu uliokuwa ukirushwa juu kupitia tundu la choo treni inapokwenda kasi. Mkazi wa Miritini ambaye tangu 2017 ameishi jirani na kituo kikuu cha treni ya SGR ya Mombasa anaweza kuona kwamba starehe ya safari ilianza kufikiriwa zamani, na na watu wa kila namna.

Miaka miwili baadaye mwalimu mmoja wa viziwi, Alexander Graham Bell, alihitaji michoro ya chombo alichokuwa amekibuni cha kupeleka sauti kwa waya. Bell alishughulika na wanafunzi wake mchana, hivyo Latimer alikaa ofisini hadi usiku ili wafanye kazi pamoja. Ombi hilo liliwasilishwa Februari 14, 1876, siku ile ile mvumbuzi mwingine, Elisha Gray, alipowasilisha maelezo yake kuhusu chombo cha aina hiyo. Hataza ya simu ilitolewa Machi 7 mwaka huo. Kuchelewa kwa siku moja kungaliweza kubadili historia ya chombo ambacho leo kila mtu anacho mfukoni.

Kwa Hiram Maxim

Mwishoni mwa 1879 Latimer alihamia Bridgeport, Connecticut. Mwaka uliofuata aliajiriwa na Hiram Maxim, mvumbuzi mkuu wa Kampuni ya United States Electric Lighting, aliyestaajabu kumpata mchoraji hodari wa jinsi hiyo. Maxim alikuwa mpinzani mkali wa Thomas Edison katika mbio za kutengeneza taa ya umeme.

Jina la Maxim lilifika Afrika Mashariki kwa sababu nyingine kabisa. Baada ya kuhamia Uingereza alibuni bunduki ya rashasha iliyochukua jina lake, na ndiyo silaha aliyokuwa nayo Kapteni Frederick Lugard alipoingia Buganda mnamo 1890 na kuitumia katika mapigano ya Mengo, Januari 1892. Msaidizi wake mweusi wa Bridgeport yeye alibaki na taa.

Ili kuielewa kazi ya Latimer ni lazima kwanza kuifungua balbu ya wakati ule. Ndani ya kioo kilichoondolewa hewa mlikuwa na uzi mwembamba wa kaboni. Umeme ulipopita, uzi huo ulipata joto la zaidi ya nyuzi 1,500 za selsiasi na kutoa nuru. Hewa iliondolewa kwa sababu kaboni iliyo moto ikikutana na oksijeni huungua mara moja ikawa majivu.

Shida haikuwa kuifanya kaboni ing'ae. Wavumbuzi kadhaa walikuwa wamekwisha kulifanya hilo, wakiwemo Joseph Swan nchini Uingereza na Edison aliyefaulu vyema mwezi Oktoba 1879. Shida ilikuwa kuifanya idumu, tena kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeimudu. Kaboni ni dhaifu kama kijiti cha makaa. Si metali, na haikubali lehemu. Isitoshe, lehemu ya kawaida huyeyuka kabla ya kufika nyuzi 250, ilhali kiungo cha balbu kiko hatua chache tu kutoka kwenye moto mkali.

Zaidi ya hayo, kila taa inapowashwa vitu vyote ndani yake hutanuka, na ikizimwa husinyaa. Lakini kila kitu hutanuka kwa kipimo chake. Shaba hutanuka kuliko kioo, na kaboni ina tabia yake yenyewe. Vitu viwili visivyotanuka sawa vikiunganishwa kwa nguvu, kimoja humvuta mwenzake, na baada ya kuwashwa na kuzimwa mara nyingi, kilicho dhaifu huvunjika. Ndiyo sababu watengenezaji wa siku zile walipitisha nyaya kwenye kioo kwa kutumia platinamu, metali ya bei ghali mno: platinamu hutanuka kwa kipimo kinachokaribiana sana na cha kioo, hivyo kioo hakipasuki wala hewa haipenyi.

Ilibaki sehemu ngumu kuliko zote, nayo ni pale metali inapokutana na kaboni. Kiungo kikiwa legevu, umeme hupita kwa taabu, joto huongezeka na mahali hapo huungua. Kikikazwa kupita kiasi, kaboni huvunjika. Hapo ndipo Latimer alipotia mkono wake.

Kiungo na bahasha

Mnamo Septemba 13, 1881, Latimer na mwenzake Joseph Nichols walipewa hataza nambari 247,097 ya taa ya umeme. Kiini chake hakikuwa kioo wala nuru, bali namna ya kuzishika ncha za uzi wa kaboni na kuziunga na nyaya za metali kwa uthabiti. Ni hataza ya kiungo.

Miezi minne baadaye, Januari 17, 1882, alipata peke yake hataza nambari 252,386, ambayo ndiyo wanahistoria wengi huiona kuwa kazi yake kuu katika taa. Hii ilihusu utengenezaji wa kaboni yenyewe. Uzi wa kaboni ulianza kama kipande cha karatasi au kitu kingine chenye nyuzi za mimea, kilichokatwa umbo lake kisha kuokwa katika joto kali pasipo hewa hadi kila kitu kitoke kibaki kaboni tupu. Katika kuokwa huko kipande kilisinyaa sana. Kikibanwa na kitu kisichosinyaa pamoja nacho, kilipinda, kilinata au kilivunjika, na kazi ya siku nzima ikawa takataka.

Dawa ya Latimer ilikuwa ya unyenyekevu ajabu. Aliviweka vipande hivyo ndani ya bahasha za kadibodi, yaani kitu cha asili moja na vipande vyenyewe, ambacho kingesinyaa na kutanuka kwa kipimo kile kile. Bahasha na kipande vilikwenda pamoja ndani ya tanuri na kurudi pamoja. Hapakuwa na mmoja wa kumvuta mwenziwe. Kaboni zilitoka zikiwa nyoofu na nzima.

Akili iliyo katika hataza hizo mbili haitofautiani na ile ya fundi anayefunga fundo ndani ya pasi. Mvutano hauwezi kuondolewa duniani. Fundi huuelekeza mahali ambapo hautaumiza. Machi 21, 1882, yeye na John Tregoning walipata pia hataza ya kishikio cha kuizuia globu ya taa mahali pake, jambo lile lile kwa sura nyingine.

Hapa yafaa tusimame tuseme kweli. Katika miaka ya karibuni imeenea habari kwamba Latimer ndiye aliyevumbua balbu na kwamba Edison alimwibia. Hata Joe Biden, akiwa mgombea urais wa Marekani mnamo Septemba 2020, alisema hadharani kwamba balbu ilivumbuliwa na mtu mweusi. Si hivyo. Latimer hakuvumbua balbu, na hataza zake za 1881 na 1882 alizipata akiwa katika kambi ya Maxim, mshindani wa Edison. Hataza ya kiungo yeye na Nichols waliikabidhi kwa kampuni iliyowaajiri, kama ilivyokuwa desturi.

Lakini kosa la upande wa pili ni kubwa zaidi, nalo ni lile la kumwacha nje kabisa. Kwa muda mrefu vitabu vilisimulia taa ya umeme kana kwamba mtu mmoja aliamka asubuhi akaiwasha. Balbu ilijengwa na mikono mingi, na mkono wa Latimer ulikuwa pale palipokuwa pakivunjika. Sifa hiyo yamtosha. Haihitaji kuongezewa chumvi.

Kutoka London hadi kwa Edison

Kampuni haikumweka mezani tu. Ilimtuma kusimamia uwekaji wa taa katika majengo ya New York na Philadelphia, kisha Montreal nchini Canada, ambako wafanyakazi wengi walizungumza Kifaransa. Alijifunza maneno ya kutosha ya lugha hiyo ili awape maagizo juu ya nguzo na nyaya. Kisha alipelekwa London kuanzisha idara ya kutengeneza taa katika kampuni shirika. Huko hakupendezwa na desturi ya mabwana kutaka wanyenyekewe, naye hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Aliporejea Marekani mnamo 1882 hakuwa na kazi tena katika kampuni ile.

Baada ya kufanya vibarua huku na huku, mwaka 1884 aliingia katika Kampuni ya Edison Electric Light mjini New York, na kufikia mwisho wa mwongo huo alikuwa amehamishiwa idara ya sheria. Vita vya taa vilikuwa vimetoka maabara vikaingia mahakamani. Kampuni ya Edison iliishtaki ile ya United States Electric Lighting kwa kuvunja hataza yake ya uzi wa kaboni. Ilishinda mnamo 1891, na rufaa ikatupiliwa mbali mwaka uliofuata. Katika vita hivyo vya miaka mingi, Latimer alikuwa mtu wa thamani: mchoraji stadi, shahidi mwenye utaalamu, na mmoja wa wachache waliozijua taa za pande zote mbili kwa mikono yao.

Mnamo 1890 alichapisha kitabu juu ya taa za umeme za mfumo wa Edison, kikiwa na nyongeza za waandishi wawili wengine. Kwa wakati ule, wakati sehemu kubwa ya dunia ilitegemea koroboi na mishumaa, kilikuwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo kumweleza mtu wa kawaida kinachotendeka ndani ya kioo kile. Kuanzia 1896 hadi 1911 alikuwa mchoraji mkuu na shahidi wa kitaalamu wa bodi ya hataza iliyoundwa na kampuni za General Electric na Westinghouse. Baadaye alifanya kazi na washauri wa kihandisi hadi 1922, macho yalipomchoka.

Mwaka 1918 watu waliofanya kazi na Edison katika miaka ya mwanzo waliunda chama chao cha heshima. Waanzilishi walikuwa 28. Mweusi alikuwa mmoja, naye ni Latimer.

Nje ya kazi

Alimwoa Mary Wilson Lewis mnamo Novemba 1873, wakajaliwa mabinti wawili, Emma Jeanette na Louise Rebecca. Tangu 1903 waliishi katika nyumba yao ya mbao huko Flushing, New York. Alipiga muziki, alichora picha na kutunga mashairi. Rafiki na jamaa walimkusanyia tungo zake katika kijitabu alipotimiza umri wa miaka 77.

Hakuusahau mlango alioingilia. Mnamo 1902 alisambaza ombi kwa Meya Seth Low wa New York kuhusu kukosekana kwa mwakilishi wa watu weusi katika bodi ya shule ya Brooklyn. Aidha, alijitolea kuwafundisha wahamiaji maskini Kiingereza na uchoraji wa kiufundi katika kituo cha Henry Street. Yule tarishi aliyejifunza kwa kuchungulia aliamua kwamba wengine wasichungulie, bali waketi kitini.

Lewis Latimer aliaga dunia Desemba 11, 1928, akiwa na umri wa miaka 80. Wakati huo uzi wa kaboni ulikuwa umekwisha kupitwa na ule wa tangasteni, na platinamu imeachwa kwa ajili ya nyaya za bei nafuu zilizobuniwa zitanuke sawa na kioo. Vitu alivyovishughulikia vilikuwa vimezeeka pamoja naye. Nyumba yake iliponea chupuchupu kubomolewa, ikahamishwa mnamo 1988 na kufanywa makumbusho. Mwaka 2006 aliingizwa katika orodha ya kitaifa ya wavumbuzi mashuhuri wa Marekani.

Waya zilipofika Mombasa

Kisiwani Mombasa, kampuni ya umeme ilianzishwa mnamo 1908 na mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliyenunua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka mmoja tu kabla yake, 1907, serikali ya Uingereza ilikuwa imefuta hadhi ya utumwa kisheria katika ukanda huu wa Pwani. Walikuwapo mjini, basi, wazee waliozaliwa utumwani walioishi kuiona taa isiyo na mafuta wala utambi. Hawakujua kwamba mwana wa watumwa kama wao alikuwa ametumia ujana wake kuhakikisha nyaya za taa ya namna hiyo haziachani.

Leo balbu za uzi zinatoweka madukani na nafasi yake kuchukuliwa na za LED. Hata hivyo, ukiifungua iliyokufa, mara nyingi utakuta taa zenyewe zina uhai na kilichokatika ni kiungo cha lehemu kilichochoshwa na kutanuka na kusinyaa kila jioni na kila asubuhi. Ugonjwa ni ule ule wa 1881.

Na kwetu Pwani kuna adui wa ziada. Hewa yenye chumvi na unyevu huila shaba hadi ikafanya ukoko wa kijani, kiungo kikalegea na kuanza kupata moto. Plagi ya miguu mitatu tunayoitumia nchini ina kibanio ndani yake cha kuushika waya kwa mpira wake wa nje, na waya wa ardhi huachwa mrefu kidogo ili, ikitokea kuvutwa kwa nguvu, uwe wa mwisho kung'oka. Wengi hukiacha kibanio hicho kikiwa hakijakazwa, au huchomeka nyaya tupu ukutani na kuzizuia kwa njiti ya kibiriti. Waya uliokatika shingoni husokotwa na kuviringishwa tepu, kana kwamba tepu ni mfupa.

Latimer angemwelewa fundi wa Miritini ambaye, badala ya kusokota, huikata sehemu yote iliyochoka, akapitisha waya upya katika mpira wake, akafunga fundo, akakaza kibanio, kisha akauvuta kwa nguvu mara tatu kabla ya kukirudisha kifaa kwa mwenyewe. Kazi hiyo humchukua dakika kumi zaidi na huenda mteja akanung'unikia bei. Jioni mteja huyo atachomeka pasi yake, watoto wakiwa wamelala chumba cha pili, na hakuna kitakachotokea.